Intavali Maana Yake Pumziko: Mbio za Vipindi kwa Mkimbiaji wa Shinyanga na Geita

"Kaka, huu mpango wako utaniua."

Hayo ni maneno ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, aliponipigia simu Jumamosi moja ya mwezi wa kumi. Anafanya kazi kwenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, huko wilaya ya Geita, na alikuwa anajiandaa kukimbia nusu marathoni Mwanza. Wiki chache kabla aliniomba nimtafutie mpango wa mazoezi, maana kwenye ukoo mimi ndiye "msomi". Nikaingia mtandaoni, nikaokota mpango uliokaa kitaalamu, nikautafsiri haraka haraka na kumtumia: mita 400 mara kumi, kwa kasi kali, pumziko dakika moja, mara tatu kwa wiki.

Siku hiyo alikuwa ametoka shifti ya usiku. Akalala saa chache, kisha saa nane mchana akaenda kwenye uwanja wa shule ya jirani. Mzunguko wa saba akaona giza, miguu ikakataa. Wenzake wakamvutia chini ya mwembe, wakamvua fulana na kummwagia maji. Baada ya muda akakaa sawa, tunamshukuru Mungu. Lakini mimi sikulala vizuri usiku ule. Kwenye ule mpango nilisoma upande mmoja tu, ule wa kukimbia. Upande wa pili, yaani pumziko, niliuona kama nafasi tupu ya kujaza namba yoyote.

Kumbe jina lenyewe la zoezi hili limetoka kwenye pumziko.

Jina lilitoka wapi

Neno la Kiingereza ambalo wanariadha wetu wanalitamka "intavali" maana yake ni nafasi iliyo kati ya vitu viwili. Yaani intavali siyo ile mita 400 unayokimbia. Ni ule muda unaotembea ukihema kabla ya kurudia.

Miaka ya 1930, nchini Ujerumani, kocha Woldemar Gerschler alianza kufanya kazi na daktari wa moyo wa Freiburg, Herbert Reindell. Kanuni yao ilikuwa rahisi. Mwanariadha anakimbia kipande kifupi mpaka mapigo ya moyo yafike karibu 180 kwa dakika. Kisha anapumzika. Mapigo yakishuka hadi 120, anakimbia tena. Yakichukua zaidi ya sekunde 90 kushuka, basi kipande kilikuwa kikali mno au mwili umechoka, na zoezi linapunguzwa au linakwisha.

Kwa hiyo aliyeamua lini ukimbie tena ni moyo wako. Saa ya kocha ilikuwa shahidi tu.

Mwanafunzi maarufu wa Gerschler alikuwa Rudolf Harbig, ambaye mwaka 1939 mjini Milan alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6. Rekodi hiyo ya dunia ilidumu miaka 16. Baadaye akaja Emil Zátopek wa Czechoslovakia, aliyekuwa akirudia mita 400 hata mara 40 kwa siku, katikati akijongea taratibu. Kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 alichukua dhahabu ya mita 5,000, ya mita 10,000 na ya marathoni, zote ndani ya siku nane. Kuanzia hapo dunia nzima ikataka kujua siri ya vipindi.

Gerschler na Reindell waliamini kwamba moyo unajengeka zaidi ndani ya lile pumziko, kwa sababu mara tu unaposimama damu inaendelea kurudi moyoni kwa wingi. Utafiti uliofuata haukuwaunga mkono moja kwa moja. Leo wataalamu wengi wanaangalia zaidi ni dakika ngapi mwili umekaa karibu na kilele cha matumizi ya oksijeni. Lakini ni pumziko hilo hilo linaloamua utapata dakika ngapi, na ndiyo maana kanuni yao bado ina kazi.

Pampu inayochelewa kuwaka

Mtu anayekimbia kilomita 21 au 42 kasi ya uwanjani inamsaidia nini? Kwanza, waulize waliotazama marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo, Septemba 2025. Alphonce Simbu wetu na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza wote kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Simbu akachukua dhahabu kwa tofauti ya sekunde 0.03. Na Kanda ya Ziwa pia ina historia yake: Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alipata medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya Moscow mwaka 1980.

Lakini sababu kubwa ni injini. Misuli inahitaji oksijeni ili kuchoma mafuta na sukari. Oksijeni inabebwa na damu, na damu inasukumwa na moyo. Ukiwa umekaa, moyo unasukuma kama lita 5 za damu kwa dakika. Mkimbiaji aliyejengeka akiwa kasi kabisa anaweza kupita lita 25, na wa daraja la dunia zaidi ya hapo. Mapigo ya juu kabisa ya moyo hayaongezwi na mazoezi. Kinachoongezeka ni kiasi cha damu kinachotoka kwa kila pigo. Chukulia watu wawili wa mgodini wanaovuta maji kisimani kwa mwendo ule ule, mmoja ana ndoo ya lita 10, mwingine ya lita 20. Mazoezi yanakubadilishia ndoo.

Ili mwili ukubali kukuongezea ndoo, lazima uulazimishe kufanya kazi karibu na kilele chake cha matumizi ya oksijeni kwa dakika kadhaa. Tatizo ni kwamba pampu hii inachelewa kuwaka. Ukianza kukimbia kwa nguvu, matumizi ya oksijeni hayaruki juu papo hapo. Yanapanda polepole, na inachukua dakika moja na nusu hadi mbili kukaribia kilele. Dakika hizo za mwanzo misuli inajikimu kwa akiba yake ya ndani na kwa kuvunja sukari bila oksijeni ya kutosha.

Sasa piga hesabu. Ukikimbia mita 400 kwa sekunde 80 kisha ukasimama kupiga stori dakika nne, pampu inazimika kabla haijafika juu. Ukirudia, inaanza upya kutoka chini. Umechoka, jasho linakutoka, lakini dakika za kileleni ni kidogo mno.

Ukikimbia dakika nne kwa nguvu ya kadiri, kama dakika mbili za mwisho unakuwa karibu na kilele. Mara nne, umepata dakika nane hivi. Ukijongea taratibu katikati badala ya kusimama, pampu haizimiki kabisa na kipande kinachofuata kinapanda haraka zaidi.

Sasa geuza upande wa pili: pumziko fupi mno kwa kasi kubwa mno. Hapa miguu inakufa kabla pampu haijafanya kazi ya maana. Hiki ndicho kilichompata mdogo wangu. Dakika moja ya kupumzika ingeweza kumfaa mtu mwingine, kwenye baridi, kwa kasi ndogo kuliko ile. Kwake, siku ile, haikutosha.

Mtu aliyeshindwa dakika tisa akaweza saa nzima

Kuna jaribio moja la Stockholm la mwaka 1960 ambalo nikilisimulia kijiweni watu hawaamini. Irma Åstrand na wenzake walimpandisha mtu kwenye baiskeli ya maabara na kumpa mzigo mzito. Akipiga pedali mfululizo, alikuwa hoi baada ya kama dakika tisa. Kisha wakaukata mzigo ule ule vipande vipande: kazi kiasi, pumziko kiasi hicho hicho, kwa muda wa saa moja.

Vipande vya dakika tatu vilimtesa vibaya, na laktati kwenye damu ilipanda sana. Vipande vya nusu dakika, na nusu dakika ya kupumzika, alivimudu saa nzima na laktati ikabaki chini. Jumla ya kazi ilikuwa sawa. Kilichobadilika ni ukubwa wa kipande.

Maelezo waliyotoa ni kwamba ndani ya misuli kuna protini iitwayo mayoglobini, yenye akiba ndogo ya oksijeni. Kipande kikiwa kifupi, akiba hiyo inatosha kukuvusha, na pumziko linaijaza tena. Kikiwa kirefu, akiba inakwisha na misuli inalazimika kuvunja sukari bila oksijeni ya kutosha. Na tukiwa hapo, tusiitukane laktati. Siyo sumu. Mwili huitumia kama mafuta, moyo wenyewe unaichoma. Ila ikipanda haraka inatuambia kwamba umevuka mstari.

Funzo la vitendo ni hili: ukali wa zoezi hauko kwenye kasi peke yake. Kasi, urefu wa kipande na urefu wa pumziko vinafanya kazi pamoja. Ukigusa kimoja, umebadilisha zoezi zima.

Je, ushahidi upo?

Upo. Mwaka 2007 Jan Helgerud na wenzake nchini Norway walichapisha utafiti wa wanaume 40 wenye afya, waliogawanywa makundi manne na kufanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki nane. Jumla ya kazi ililinganishwa. Kundi moja lilikimbia polepole, la pili kwa kasi ya kati, la tatu sekunde 15 kwa kasi na 15 taratibu, la nne dakika nne mara nne kwa asilimia 90 hadi 95 ya mapigo ya juu kabisa, katikati wakijongea dakika tatu. Kilele cha matumizi ya oksijeni kiliongezeka kwa asilimia 5.5 kwenye kundi la tatu na asilimia 7.2 kwenye la nne. Makundi mawili ya kwanza hayakupata ongezeko la maana.

Usikimbilie kusema "basi mbio za polepole hazina kazi". Hao walikuwa watu 40 tu, kwa wiki nane, na kilichopimwa hasa ni injini. Mkimbiaji siyo injini peke yake. Mifupa, kano na viungo hukomaa polepole kuliko moyo, na hukomazwa na kilomita nyingi za taratibu. Mtafiti Stephen Seiler, aliyefuatilia mazoezi ya wanamichezo wakubwa wa michezo ya ustahimilivu, alikuta kwamba takriban vipindi vinane kati ya kumi ni vya taratibu kabisa. Hivyo viwili vilivyobaki ndivyo vikali. Wakimbiaji wengi wa mitaani tunafanya kinyume: kila siku kasi ya kati, siyo ya kupumzisha wala ya kujenga, halafu tunashangaa mwaka mzima muda haushuki.

Freiburg haina jua la Shinyanga

Hapa ndipo mpango wangu wa kuokota ulipoharibika zaidi. Kuna mambo matatu.

La kwanza ni joto. Mwezi wa tisa na wa kumi Shinyanga mchana hupita nyuzi 30. Kwenye joto mwili unapeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kujipoza, na jasho linapunguza maji ya damu. Moyo unabaki na damu kidogo ya kupeleka kwenye misuli, kwa hiyo unaongeza mapigo. Kasi ile ile iliyokupa mapigo 160 alfajiri inaweza kukupa zaidi ya 170 mchana. Namba za kasi zilizoandikwa kwa mtu wa nchi ya baridi zinakudanganya. Mapigo yako hayakudanganyi.

La pili ni selimundu. Kanda yetu ni kati ya sehemu zenye vinasaba vingi vya selimundu nchini. Watoto wachanga waliopimwa kaskazini magharibi mwa Tanzania, takriban mmoja kati ya watano alikutwa amebeba kinasaba kimoja. Mbebaji siyo mgonjwa, na wengi wanacheza michezo maisha yote bila shida wala kujua. Lakini madaktari wa jeshi na wa michezo huko Marekani wameandika visa vya wabebaji walioanguka, wengine wakafariki, wakirudia mbio kali mfululizo kwenye joto bila pumziko la kutosha. Misuli huvunjika na mabaki yake huumiza figo. Hatua zinazosaidia hazina gharama: pumziko refu, kuanza polepole, maji, kuepuka jua kali, na kusimama mara moja miguu inapokuwa dhaifu ghafla. Mwalimu wa michezo unayesoma hapa, mtoto akisema miguu imeisha nguvu, usimwite mvivu. Mkalishe kivulini.

La tatu ni vumbi. Ukiwa umekaa unavuta kama lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Ukiwa kwenye kipande kikali unapita lita 100, tena kwa mdomo, bila chujio la pua. Barabara ya vumbi yenye malori, au jirani na karasha, vumbi hilo lina silika, na silika ikikaa mapafuni miaka huleta ugonjwa wa silikosisi na kumweka mtu karibu na kifua kikuu. Mtu anayesaga mawe shifti nzima asije kukimbia vipindi upande upepo unakotokea karasha. Na kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni cha kwenda kupimwa kituo cha afya. Usikisingizie mazoezi.

Bila uwanja, bila saa ya kisasa

Uwanja wa kukimbilia wenye mistari wengi hatuna, na hatuuhitaji. Mzunguko wa uwanja wa mpira wa kipimo cha kimataifa, mita 105 kwa 68, ni mita 346, na viwanja vya shule kila kimoja kina kipimo chake. Kwa hiyo acha mita, tumia dakika. Dakika tatu za Katoro ni sawa na dakika tatu za Berlin.

Kifaa cha pili ni vidole viwili. Viweke pembeni ya koo, hesabu mapigo kwa sekunde 10, zidisha kwa sita. Makadirio ya mapigo ya juu kabisa ni 220 ukitoa umri wako, ingawa mtu mmoja mmoja anaweza kupishana na namba hiyo kwa zaidi ya mapigo 10. Kijana wa miaka 25 atapata 195, na asilimia 90 yake ni kama 175, yaani mapigo 29 ndani ya sekunde 10.

Huu hapa mpango niliomwandikia mdogo wangu upya. Ni wa mtu ambaye tayari amekimbia taratibu miezi miwili au zaidi, siku tatu au nne kwa wiki, na ambaye hajawahi kuzimia wala kuumwa kifua akikimbia. Ukiwahi, anza kwa daktari.

Siku moja tu kwa wiki ni ya vipindi, saa kumi na mbili asubuhi kabla jua na malori havijaamka. Jongea dakika 15 za kupasha mwili. Kisha kimbia dakika tatu kwa nguvu ambayo unaweza kutamka maneno mawili matatu lakini siyo sentensi. Ukimaliza, hesabu mapigo. Tembea au jongea dakika mbili na nusu, hesabu tena. Yakiwa 20 au chini ndani ya sekunde 10, kimbia kipande kinachofuata. Yakiwa juu ya hapo, ongeza dakika moja ya kutembea. Yakikataa kushuka hata baada ya hiyo, zoezi limeisha kwa leo, rudi nyumbani kunywa chai. Anza na vipande vinne, baada ya wiki mbili vitano, baadaye ukiweza nenda dakika nne mara nne. Kipande cha mwisho kisiwe cha polepole kuliko cha kwanza. Kikiwa hivyo, ulianza kwa sifa.

Geita kuna vilima. Kupanda mlima kunapandisha mapigo kwa kasi ndogo na kugonga magoti kidogo, kwa hiyo ni mbadala mzuri, shuka ukitembea.

Siku nyingine zote ni taratibu, mwendo ambao unaweza kumsimulia mwenzio mechi nzima ya Simba na Yanga bila kukata pumzi. Na ukitoka shifti ya usiku, siku hiyo vipindi havipo. Usingizi kwanza.

Kwa nini bado nauandika

Ile nusu marathoni hakuikimbia. Nilimwomba aiache, akanuna wiki nzima. Sasa hivi ni mwezi wa nne anafuata mpango mpya, na kila Jumatano asubuhi ananitumia namba mbili kwa kila kipande: mapigo alipomaliza, mapigo baada ya pumziko. Hajaniambia kasi yake hata mara moja, na mimi sijamuuliza.

Wiki ya kwanza, mapigo ya pumziko la kipande cha nne yalikuwa 25 ndani ya sekunde 10, akaacha hapo. Jumatano iliyopita, kipande cha tano, yalikuwa 20. Chini yake akaandika: "Kaka, leo nimebaki na miguu ya kurudia nyumbani."